Kaimu Mgonjwa wa Pongezini

Wasafiri waliowahi kufika Pongezini hurudi na habari moja: katika nchi ile hakuna jambo linalopita hivi hivi. Mtoto akiota jino, hongera. Mzee aking'oka jino, hongera vilevile, kwa kuwa amelitumia vizuri. Mwizi akimaliza kifungo hupokelewa langoni kwa matarumbeta, na hakimu aliyemfunga ndiye anayetoa hotuba. Katiba yao, ambayo si ndefu, inaanza kwa maneno haya: "Lisilopongezwa halikutokea." Wapongezini huyasoma maneno hayo vifua mbele, na hakuna aliyeyatilia shaka mpaka Bi Kidawa alipougua.

Kidawa alikuwa mshonaji wa sare za bendi, kazi isiyokosa wateja katika nchi kama ile. Mumewe, Shomari, alipiga ngoma kubwa katika bendi ya serikali. Mtu mpole, mabega mapana, maneno machache. Walikuwa na binti mmoja, Siwema, msichana wa miaka kumi na minne, ambaye mama yake alikuwa akimfundisha kupika. Hapo ndipo majirani walipomhurumia yule binti, kwa maana Kidawa alikuwa na ila moja ambayo Wapongezini hawakuweza kuizoea: hakujua kusifu chakula. Jirani akileta bakuli la futari, wenzake wote wangesema "tamu, tamu sana", yeye angeonja, kisha angesema, "Tui umelitia mapema." Siwema akipika mchuzi, mama alionja kwenye kiganja na kutoa hukumu papo hapo, chumvi imezidi au vitunguu havijaiva, halafu akamwonyesha tena tangu mwanzo. Binti alinuna, mama akacheka, na mchuzi wa kesho yake ukawa afadhali.

Ugonjwa ulimjia kwa uchovu, kisha madoa mekundu miguuni, kisha homa zisizoeleweka. Daktari Lugendo, bingwa wa damu, alimweleza bila kuzungukazunguka kwamba uboho ndani ya mifupa yake, mahali damu inapotengenezwa, ulikuwa umeharibika wote. Ingebidi uuawe kwa dawa kali, na kisha apandikizwe chembe za mtu mwingine zianze kazi upya. Kaka yake Mbaruku akapimwa, zikalingana. Siku ya kupandikizwa, Kidawa alitarajia visu na taa kubwa. Alichokiona ni mfuko mdogo wenye kitu cha rangi ya juisi ya rozela, unatiririka kwenye mshipa wake taratibu, na Mbaruku amekaa nyuma ya kioo akitafuna kucha.

"Zitatafuta njia zenyewe mpaka ndani ya mifupa," alisema Daktari Lugendo. "Zikishika, zitaanza kutengeneza damu. Kwa wengine huwa mapema, kwa wengine huchelewa. Hazina saa."

Chembe hazikuwa na saa, lakini Idara ya Hatua Njema ilikuwa nayo. Idara hiyo, yenye jengo refu kuliko hospitali, iliweka sherehe saba kwa kila aliyepandikizwa, kila moja na tarehe yake, na tarehe hizo hazikusogezwa kwa ajili ya mtu yeyote. Kulikuwa na Hatua ya Kushika, Hatua ya Unywele wa Kwanza, Hatua ya Kula Hadharani, Hatua ya Siku ya Mia, na nyinginezo, mpaka ya saba iliyoitwa Kurudi. Na kwa kila Hatua ilikuwepo bendi.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo wageni hulikuta gumu. Mgonjwa wa kwanza kupandikizwa uboho katika nchi ile, mzee mmoja aliyeitwa Tindwa, alipelekwa uwanjani mwenyewe siku ya Hatua yake ya kwanza, na mji mzima ukapita kumbusu paji la uso. Mmoja wao alikuwa na mafua. Mzee Tindwa hakuwa na kinga hata ya kushindana na mafua ya kawaida, akafa kabla ya wiki kwisha. Serikali ikaunda Tume. Tume ikahoji wapiga tarumbeta, wapishi, wapambaji na watoa hotuba, ikakuta kila mmoja wao alifanya kazi yake vizuri sana. Ikahitimisha kwamba sherehe haikuwa na kosa lolote, na kwamba kilichoharibu shughuli ni mgonjwa. Tangu hapo ikawa marufuku kwa mgonjwa kuhudhuria kupona kwake, na mahali pake akawekwa Kaimu.

Kaimu wa Kidawa aliletwa kwenye kioo cha wodi na Bwana Nyange, ofisa wa Idara, mtu wa suti ya kijivu na ua jekundu kifuani. Walizungumza kwa simu ya ukutani.

"Bi Kidawa, hongera kwa kuugua," alisema Bwana Nyange. "Huyu ni Bi Chausiku. Kuanzia leo yeye ndiye wewe, mpaka utakapokuwa wewe mwenyewe."

Kidawa alimtazama. Mwanamke wa rika lake, mashavu yamejaa, meno meupe, kichwa kimeshanyolewa kiking'aa. Tabasamu lake lilikuwa pale kabla hajaingia na lilikuwa bado lipo.

"Atafanya nini?" aliuliza Kidawa.

"Atapona. Wewe shughulika na matibabu."

"Usiwe na wasiwasi, dada," Chausiku aliichukua simu. "Mimi nina uzoefu. Nimeshapona mara tisa."

"Na hao tisa wenyewe?"

Chausiku akamtazama Bwana Nyange, na kwa mara ya kwanza tabasamu likayumba. Bwana Nyange akaipokea simu haraka. "Tunazungumza mambo ya heri," alisema. "Sasa, Kaimu atakaa nyumbani kwako, chumba cha wageni. Watu watakupongeza wapi tena kama si kwako? Siku ya Kurudi utafika, yeye atakukabidhi jina lako mbele ya watu, na kila mmoja ataendelea na shughuli zake."

"Na nikichelewa?"

"Hatua hazichelewi, Bi Kidawa."

"Nauliza mimi, siulizi Hatua."

Bwana Nyange alisoma ua lake kifuani kana kwamba jibu limeandikwa humo. Sheria, alisema, iko wazi kama ilivyo kwa kaimu yeyote ofisini. Mwenye nafasi asipotokea siku ya makabidhiano, Kaimu huthibitishwa.

Usiku ule dawa ilipoanza kumkausha koo, Kidawa aliwaza jambo moja tu, na aliliwaza kila siku tangu hapo. Hakutaka bendi wala shada. Alitaka kurudi jikoni kwake, akae kwenye kile kigoda chake kifupi, amwone Siwema akikatakata vitunguu vibaya, na aitwe Mama Siwema na watu wasiomkaimu mtu yeyote.

Mambo yakamwendea kombo mapema. Siku ya Hatua ya Kushika, matarumbeta yalisikika mpaka wodini. Kidawa alikuwa na homa kali, kinywa kimejaa vidonda kiasi kwamba kumeza mate kulimtoa machozi. Daktari Lugendo aliingia na majibu ya vipimo, akasimama mlangoni kama mtu aliyekuja kudai kodi.

"Bado," alisema. "Damu haijaanza kupanda."

"Lakini nasikia nimeshika," alisema Kidawa kwa sauti iliyokwaruza.

"Mjini umeshashika, ndiyo." Daktari aliinamisha kichwa. Alikuwa mtu mzuri, na aliona aibu kwa niaba ya nchi yake, jambo lisilo la kawaida kwa Mpongezini.

Chembe za Mbaruku zilishika baadaye sana, asubuhi moja isiyo na jina. Daktari alikuja anakimbia, ameshika karatasi, akainama sikioni mwake: "Zimeshika, Bi Kidawa. Zimeshika kweli." Kidawa alitaka kupiga kelele. Alitazama dirishani, nje mtu alikuwa akifagia makaratasi ya rangi ya sherehe ya mtu mwingine. Kwa kuwa Hatua ile ilikuwa imekwisha kupongezwa, haikuwezekana kupongezwa tena, kwa hiyo kisheria hakuna kilichotokea asubuhi ile. Daktari alimminya mkono ndani ya glavu, basi, wakalia wote wawili kidogo.

Shomari alikuja kila baada ya sherehe, bado na sare ya bendi ambayo Kidawa mwenyewe aliishona. Siwema hakuruhusiwa, watoto hawakuingia wodi ile. Mume na mke walizungumza kwa simu ya ukutani, viganja vyao vikigusa kioo kimoja pande mbili.

"Leo umekula hadharani, Mama Siwema," alisema Shomari siku moja. "Umekula sahani mbili."

"Nimekula nini?"

"Pilau."

"Ilikuwaje?"

Shomari alikohoa. "Ulisema tamu."

Kidawa alicheka mpaka mpira wa dripu ukatikisika, na muuguzi akaja kuchungulia. Kisha kicheko kikakatika. Yeye mwenyewe tangu dawa kali hakuwa na ladha yoyote kinywani. Uji, mchele, ndizi, vyote vilikuwa kama boksi lililoloweshwa. Alimuuliza Daktari Lugendo lini ladha itarudi, naye akasema itarudi ikitaka, kwa wengine huwa miezi. Kidawa aliuliza kama kuna Hatua ya jambo hilo. Hapakuwa nayo.

"Na Siwema anapika?" aliuliza.

"Anajitahidi," alisema Shomari, akafungua chupa ya maji aliyokuja nayo, akainywa yote bila kupumua.

"Siku hizi unakunywa maji sana, Baba Siwema."

"Joto," alisema Shomari.

Zikaja siku mbaya kuliko za kwanza. Damu mpya ya kaka yake ilianza kuukagua mwili kama mpangaji anayelalamikia kuta: ngozi ikababuka, tumbo likakataa kila kitu, dawa za kuituliza zikamvimbisha uso ukawa mviringo. Siku ya Mia ikapigiwa mizinga uwanjani, yeye akiwa hawezi kuketi. Siku ya Kurudi ikafika, yeye akiwa anajifunza kutembea kutoka kitandani mpaka mlangoni akiushika ukuta. Jioni yake Bwana Nyange alifika kwenye kioo, ua jipya kifuani.

"Hongera, Bi Kidawa. Umepona."

"Mimi niko hapa. Hebu nitazame."

"Nazungumzia kumbukumbu," alisema Bwana Nyange kwa upole. "Tulikusubiri uwanjani mpaka bendi ikachoka. Bi Chausiku amethibitishwa. Kwa sasa wewe ni mgonjwa asiyetambulika, lakini kitanda hatukunyang'anyi."

Alipoondoka, Kidawa aligeukia ukutani na kulia kwa hasira. Kufa alishajiandaa nako kidogo kidogo tangu mwanzo; kilichomuuma ni kupona bila kuwemo.

Wiki kadhaa baadaye Daktari Lugendo alimruhusu. Mbaruku alikuja kumchukua, naye Kidawa amevaa barakoa na kofia ya sufu, nywele chache zilizoota zikiwa laini na zimenyooka, si zile alizozaliwa nazo. Majirani waliwaona wakishuka mtaani wakawapisha kwa adabu. "Mnamtafuta Bi Kidawa?" aliuliza mmoja. "Yupo ndani, amepona vizuri, Mungu ashukuriwe. Mama mkunjufu sana siku hizi."

Mlango ulifunguliwa na Chausiku, amejifunga kanga ya Kidawa. Alipomwona aliweka mkono mdomoni.

"Dada," alisema kwa kunong'ona, "nilikusubiri pale jukwaani. Sikuomba kuthibitishwa. Wale wengine waliposhindwa kurudi, badala ya kunithibitisha walinipeleka kwa mgonjwa mwingine. Safari hii walisema nafasi zimejaa."

"Mama Siwema!" Shomari aliita kutoka uani, na wanawake wote wawili wakageuka. Alipotokea na kuwaona wamesimama uso kwa uso, alibaki amekodoa macho, mikono mizito ya ngoma ikining'inia. Kisha akamwendea mkewe, akakumbuka barakoa, akasimama hatua moja kabla ya kumfikia, akaanza kulia bila sauti. Lakini hata yeye hakusema "ingia". Kumwingiza nyumbani mtu asiyetambulika, mbele ya aliyethibitishwa, kungemnyang'anya ngoma na nyumba, na nyumba ilikuwa ya bendi.

Siwema alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, mwiko mkononi. Alimtazama yule mwanamke wa uso wa mviringo, ngozi yenye mabaka, sauti ya mtu mwingine kabisa. Kidawa alimwita jina lake. Msichana alisogea nusu hatua, akasita, akamtazama Chausiku, akamtazama tena yeye. Hakuwa na uhakika. Katika yote aliyoyapitia, vidonda na homa na ngozi kubabuka, hakuna lililomchoma Kidawa kama kule kusita.

"Twende Baraza," alimwambia Mbaruku. "Nikadai jina langu."

Baraza la Heri hukaa katika ukumbi wenye mapambo yasiyoondolewa mwaka mzima. Wajumbe walikuwa kumi na wawili, wote wamevaa mashada, na kila msemaji aliposimama aliwapongeza kwanza waliomtangulia, kwa hiyo shauri lilianza kusikilizwa karibu na adhuhuri. Kidawa aliwekwa upande mmoja, Chausiku upande mwingine, Shomari na Siwema katikati, kwenye benchi la mashahidi.

Mjumbe mmoja mwenye miwani alisimama. "Swali letu ni dogo," alisema. "Nani amepona? Tunaye mmoja aliyepongezwa mara saba mbele ya maelfu. Tunaye mwingine ambaye hakuna mtu aliyemwona akipona. Mimi sielewi kesi iko wapi."

"Alikuwa wodini!" Mbaruku aliruka juu. "Mimi nilimwona! Chembe ni zangu!"

"Wewe ni nani?"

"Kaka yake."

"Vizuri sana, hongera," alisema mjumbe. "Basi tumalize kwa sayansi. Kumbukumbu zinaonyesha kundi la damu la Bi Kidawa. Wapimwe wote wawili."

Kidawa alipumua. Damu haiwezi kudanganya, alijiambia. Mpimaji alikuja na vichupa vyake, akachukua tone hapa na tone pale, na muda si mrefu akasoma majibu. Damu ya Bi Chausiku ilikuwa ya kundi lile lile lililoandikwa kwa Bi Kidawa. Damu ya yule mwanamke mwingine haikuwa ya kundi hilo. Ilikuwa ya kundi la huyu kaka, na ilipotazamwa kwa undani zaidi ilionekana ni damu ya mwanamume.

Ukumbi ukavuma. Daktari Lugendo, aliyekuja kama shahidi, alijaribu kueleza kwamba hiyo ndiyo maana yenyewe ya kupandikizwa, kwamba kubadilika kwa damu ndiko kunakoonyesha kwamba uboho wa kaka unafanya kazi, na kwamba hakuna ushahidi mkubwa kuliko huo wa kupona. Wajumbe walimpongeza kwa ufasaha wake. Mjumbe mmoja mwenye huruma alipendekeza mwanamke huyo aandikishwe kama mdogo wa kiume wa Mbaruku, ili asikose kabisa mahali pa kuandikwa. Pendekezo likaungwa mkono na wanne.

Mwenyekiti alitazama saa. "Tutatoa uamuzi baada ya chakula," alisema. Kwa desturi ya Baraza, familia ya aliyepona ndiyo inayoandaa chakula hicho, na kila aliyemo ukumbini hula, awe anashinda au anashindwa. Siwema aliingia na sufuria la mchuzi wa kuku, mvuke ukifuka, na sinia la wali. Akagawa. Wajumbe wakala, na mmoja mmoja wakaanza kusema "tamu", huku wakifikia glasi za maji. "Tamu sana," alisema Mwenyekiti, jasho likimtoka. Chausiku alikula kijiko, akatabasamu tabasamu lake, akasema, "Mtamu, mwanangu. Hongera."

Siwema alifika mbele ya Kidawa, akamwekea bakuli bila kumtazama usoni.

Kidawa hakutaka kula. Aliona kesi imekwisha, na kinywa chake kilikuwa boksi tu. Lakini mkono ulikuwa wa binti yake. Akashusha barakoa, akachota kidogo, akamwaga kwenye kiganja kama alivyozoea, akaonja. Akakunja uso.

"Siwema," alisema, "chumvi hii ni ya kukaushia samaki? Na vitunguu umevitoa vibichi. Nimekwambia mara ngapi uvisubiri vigeuke rangi ndipo utie nyanya? Lete sufu—"

Akatazama kiganja chake. Akakipeleka tena ulimini, taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Chumvi ilikuwa pale, kali, inawasha, na nyuma yake tangawizi, na nyuma ya tangawizi kuku. Kidawa aliinua uso, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni.

"Imezidi," alisema tena, safari hii akicheka. "Wallahi imezidi! Naisikia!"

Kishindo kilichofuata kilikuwa cha sinia. Siwema alikuwa ameliachia.

"Mama!" alisema. Alisimama pale katikati ya wali uliomwagika. "Nilikuwa naongeza. Kila wiki naongeza kijiko kingine. Nasubiri mtu aseme. Baba anakunywa maji tu. Huyu anasema tamu. Majirani wote wanasema tamu. Nilidhani hutarudi tena, mama, nilidhani hakuna mtu atakayeniambia tena."

Akaanguka magotini pa mama yake, akauweka uso kwenye goti, kwa sababu alishaambiwa asimpumulie. Shomari alivuka ukumbi wote kwa hatua tatu na kusimama nyuma yao.

Wajumbe walikuwa wameshtuka kweli, lakini si kwa sababu hiyo. Mjumbe wa miwani alisimama na kitabu cha kanuni. "Mheshimiwa Mwenyekiti, shauri limejimaliza lenyewe. Kanuni inasema dalili ya mwisho ya ugonjwa ni malalamiko, na kwamba aliyepona hana lawama. Sote tumesikia nani kalalamika."

"Lakini mchuzi kweli una chumvi!" alisema Daktari Lugendo.

"Hilo halikuwa mbele ya Baraza," alisema Mwenyekiti, akamaliza glasi yake ya tano.

"Hata mimi unaniunguza koo," alisema Chausiku ghafla. Ukumbi mzima ukamgeukia. Alikuwa ameinamisha macho. "Tangu siku ya kwanza. Ila Kaimu haruhusiwi kusema." Bwana Nyange alimtolea macho makali, naye akarudisha tabasamu mahali pake, na karani akaambiwa asiandike.

Uamuzi ukasomwa. Bi Chausiku ndiye Bi Kidawa aliyepona, na atapewa nyumba ya heshima karibu na uwanja, ili watu wampongeze kwa nafasi. Mwanamke mwingine, kwa kuwa bado analalamika, ni mgonjwa asiyetambulika, na familia yoyote itakayomhurumia na kumchukua inaruhusiwa kufanya hivyo bila sherehe. Bendi ikapiga. Shomari hakuwa kwenye ngoma yake. Alikuwa ameshatoka, amembeba mkewe mgongoni kwa sababu ngazi za ukumbi zilikuwa nyingi, na Siwema nyuma akishika kofia ya sufu. Nyumba ya bendi waliihama wiki ile ile, na ngoma akapewa mwingine.

Hali iko hivyo mpaka leo. Mwaka ulipotimia tangu siku ya Kurudi, uwanja ulipambwa, mizinga ikalia, Chausiku akapanda jukwaani kwa jina la Kidawa na kulia machozi ya furaha kama inavyotakiwa. Kidawa alisikia mizinga kutoka jikoni, kwenye nyumba ya kupanga ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matarumbeta. Alikuwa kwenye kigoda chake kifupi. Nywele zilishajaa, zimenyooka, na Mbaruku anapenda kutania kwamba ni zake, zirudishwe. Siwema alikuwa akikaanga vitunguu, na alikuwa akivisubiri.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Chausiku, bado na shada shingoni, anahema, ametoroka kabla hotuba ya tatu haijaisha.

"Nina njaa, dada," alisema. "Kule wamenilisha, lakini sijui nimekula nini."

Wakampisha nafasi. Siwema akampakulia mchuzi. Chausiku alikula kijiko cha kwanza, na kwa mazoea mdomo ukafunguka kusema lile neno lake. Kidawa alimtazama tu. Chausiku akaufunga mdomo. Akaonja tena, polepole, paji la uso likikunjana, kama mtu anayepapasa ukuta wa chumba ambacho hajawahi kuwasha taa. Shomari aliacha kutafuna. Siwema alishika mwiko kwa mikono miwili.

"Ndimu," alisema Chausiku hatimaye, kwa sauti ndogo sana. "Nadhani... ndimu imepungua kidogo."

Akawatazama kwa hofu, akingoja kufukuzwa. Kidawa akaonja mchuzi kwenye kiganja chake. Akafikiri. Ilikuwa kweli.

"Hongera," akamwambia.